Mwenye kovu usidhani kapoa: Namna ya kuuguza majeraha ya moyo

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), ahali zake, swahaba zake na wote waliofuata uongofu wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Juma hili tuzungumzie maradhi yasiyoonekana kwa macho, nayo yamo katika nyumba zetu nyingi: majeraha ya moyo. Mtu akivunjika mguu, majirani humletea uji na imamu humuombea dua baada ya swala. Lakini aliyevunjwa moyo na mumewe, na mzazi wake, au na nduguye wa tumbo moja, huamka alfajiri, akatawadha, akaswali, akaenda sokoni na kusalimiana na watu, wala hakuna anayejua kuwa anatembea na kidonda kibichi. Wahenga wetu walilitambua hilo waliposema kuwa mwenye kovu usidhani kapoa.

Majeraha mazito zaidi ni yale yanayotoka karibu. Mashauri mengi yanayofikishwa mbele ya kamati za misikiti yetu hayawahusu watu wasiojuana. Ni mirathi iliyoliwa na ndugu, talaka iliyotamkwa kwa hasira, mzazi aliyempendelea mtoto mmoja na kuwaacha wengine, binti aliyechafuliwa jina lake na jamaa zake mwenyewe. Na nyuma ya kila shauri la nyumba au shamba lipo shauri la pili ambalo haliandikwi katika daftari: ilikuwaje wewe, damu yangu, ukanifanyia hivi? Shamba linaweza kupimwa na kugawanywa kwa hesabu ya Sharia. Hilo la pili halina kipimo, na ndilo tunalokusudia kulitazama leo.

Kulia si kukosa subira

Jambo la kwanza ambalo aliyejeruhiwa huambiwa ni kwamba anyamaze. "Jikaze." "Mwanamume halii." "Muislamu husubiri." Maneno haya husemwa kwa nia njema, lakini mara nyingi humuongezea mgonjwa ugonjwa wa pili, yaani kuona aibu kwa sababu ya huzuni yake.

Tuirejee Sura Yusuf, sura ya 12 katika Qur'an Tukufu, ambayo tangu mwanzo mpaka karibu na mwisho wake ni habari ya familia moja iliyojeruhiana. Nabii Yaaqub (A.S) alipoletewa kanzu yenye damu ya uongo alijiwekea ahadi ya subira njema. Pamoja na ahadi hiyo, Qur'an inatueleza kuwa miaka ilipopita na msiba ukaongezeka, macho yake yalifanya weupe kwa huzuni. Wanawe wakamlaumu kuwa hataacha kumtaja Yusuf mpaka aangamie. Yeye akawajibu kuwa majonzi na huzuni yake anamshitakia Allah peke yake. Huyu ni Nabii, na subira yake imesifiwa. Basi ni dhahiri kuwa subira njema na machozi vinaweza kukaa katika kifua kimoja.

Mtume wetu (S.A.W) naye alimlilia mwanawe mdogo, Ibrahim. Abdurrahman bin Auf (R.A) alipostaajabu kumuona Mtume akilia, alifahamishwa kuwa hiyo ni rehema, jicho hutoa machozi na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila lile linalomridhisha Mola. Hapo ndipo mpaka ulipowekwa. Haukuwekwa kwenye jicho wala kwenye moyo, umewekwa kwenye ulimi na kwenye matendo.

Kwa hiyo mzazi anayemkataza mtoto kumlilia baba yake aliyeihama nyumba, au mume anayemkemea mkewe kwa kumlilia mama yake aliyefariki, awe na hadhari. Asije akamkataza jambo ambalo Mtume (S.A.W) hakulikataza.

Bi Aisha na mwanamke wa Kianswari

Katika historia ya Uislamu hakuna nyumba iliyotukuka kuliko nyumba ya Mtume (S.A.W), na hata hiyo haikusalimika na jeraha. Baada ya kurejea kutoka vita vya Banu Mustaliq, wanafiki walimzulia Bi Aisha (R.A) uongo mkubwa, na baadhi ya Waislamu wakauchukua na kuueneza. Yeye mwenyewe aliugua takriban mwezi mzima bila kujua yanayosemwa. Alipojua, aliomba ruhusa akaenda kwa wazazi wake, na anasimulia katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kuwa alilia usiku na mchana, hana usingizi na machozi hayakatiki, hata akadhani kuwa kulia huko kutalipasua ini lake.

Katika simulizi hiyo lipo jambo dogo ambalo wengi hulipita haraka. Bi Aisha anasema kuwa akiwa katika hali ile, mwanamke mmoja wa Kianswari alibisha hodi, akaruhusiwa kuingia, akaketi na kulia pamoja naye. Hatukuelezwa kuwa alitoa mawaidha, wala kuwa aliuliza nani kasema nini. Alikaa, akalia naye. Na Bi Aisha, aliyepokea na kusimulia elimu kubwa ya dini hii, hakumsahau mwanamke huyo mpaka akamtaja katika simulizi yake.

Hili ni funzo kwetu sote, hususan kina mama na kina dada. Aliyejeruhiwa siku za mwanzo hahitaji mhadhara. Anahitaji mtu wa kukaa naye, amshike mkono, ampikie watoto chakula, na asiyatoe nje aliyoyasikia. Ni wangapi kati yetu waliokwenda kumpa pole mwenzao, na kabla ya Magharibi habari yake ikawa imefika mtaa wa tatu? Huko si kuuguza. Huko ni kuongeza jeraha juu ya jeraha.

Alipotakiwa kujibu, Bi Aisha alisema kuwa hapati mfano wa hali yake ila baba yake Yusuf, kisha akashika subira njema kama yeye. Ndipo Allah (S.W) akateremsha aya za Sura An-Nuur za kumtakasa, zinazosomwa mpaka leo katika misikiti yote ya dunia.

Kushitaki si kulalamika

Wapo wanaodhani kuwa kwa kuwa Nabii Yaaqub alimshitakia Allah peke yake, basi mwenye kudhulumiwa afunge mdomo na avumilie dhulma mpaka kaburini. Huku ni kuielewa aya kinyume. Mara tu baada ya maneno hayo, Nabii Yaaqub aliwatuma wanawe warudi wakamtafute Yusuf na nduguye, na akawakataza kukata tamaa na rehema ya Allah. Moyo wake aliukabidhi kwa Mola, na miguu akaituma kutafuta.

Tumtazame pia Bi Khaula bint Tha'laba (R.A). Mumewe, Aus bin Swamit, alimtolea maneno ya dhihar, yaliyomuacha si mke wala si mwanamke huru. Bi Khaula hakukaa nyumbani akijiambia kuwa hiyo ndiyo kudura. Alikwenda kwa Mtume (S.A.W), akajadiliana naye kuhusu haki yake, na Allah (S.W) akateremsha mwanzo wa Sura ya 58, Al-Mujadila, akithibitisha kuwa ameyasikia maneno ya mwanamke huyo. Sura nzima imepewa jina kutokana na majadiliano yake.

Basi tutofautishe. Kumsimulia kila mpita njia ubaya wa mumeo ni jambo moja. Kulifikisha shauri lako kwa kadhi, kwa imamu, kwa wazee waadilifu au kwa vyombo vya dola pale unapopigwa na kuumizwa, ni jambo jingine. La pili halivunji subira, bali huenda likawa ndiyo njia ya kuikomesha dhulma, na kumzuia ndugu yako asidhulumu ni kumnusuru na yeye pia.

"Mbona moyo wangu haujatulia?"

Miezi kadhaa iliyopita alinijia kijana mmoja, ambaye baadhi ya maelezo yake nimeyabadilisha ili asitambulike. Kaka yake mkubwa aliuza shamba la marehemu baba yao bila kuwashirikisha warithi wengine. Wazee waliketi, kaka akakiri, akapangiwa kulipa kidogo kidogo, na mdogo akatamka mbele ya wote kuwa amesamehe. Wakapeana mikono, dua ikasomwa, kikao kikafungwa. Lakini tangu siku ile, kila akimuona kaka yake katika safu ya swala, kifua humbana na hajui imamu amesoma sura gani. Mwishowe akahamia msikiti wa mbali. Swali lake lilikuwa hili: "Ustadhi, nilisema nimesamehe, na Wallahi nilikusudia. Mbona moyo wangu haujatulia? Je, mimi ni mnafiki?"

Nilipomuuliza zaidi, ilidhihirika kuwa malipo yenyewe yalikatika baada ya awamu mbili, naye akaona haya kuuliza kwa kuwa "alishasamehe." Hapa palikuwa na mambo mawili yaliyochanganywa, na naona yanachanganywa katika familia nyingi.

La kwanza ni haki. Kusamehe kosa si kufuta deni, isipokuwa mwenye deni lake alifute kwa hiari yake. Fungu la mirathi limewekwa na Allah (S.W) mwenyewe katika Sura An-Nisaa, na aya zinazofuata mafungu hayo zinatoa onyo kali kwa mwenye kuvuka mipaka. Sisi wanakamati na wazee wa familia tuna tabia ya kuharakisha mambo. Tunataka watu wapeane mikono kabla ya adhana ya Isha, kisha tunasema yameisha. Mikono imepeanwa, lakini haki haijarudi. Aliyeonewa anarudi nyumbani akiwa amebeba mzigo wake, na juu yake tumempachika mzigo mwingine wa kujifanya amepoa. Suluhu ya namna hiyo huzika moto chini ya majivu. Kwa hiyo jambo la kwanza tulilomfanyia kijana yule ni kumuita tena kaka yake na kuufungua upya mpango wa malipo kwa maandishi na mashahidi.

La pili ni kumbukumbu. Hata haki ikirudi yote, moyo si ubao wa kufutwa kwa kitambaa. Na hapa tuna mwongozo katika kisa cha Wahshi. Yeye ndiye aliyemuua Hamza (R.A), ami yake Mtume, katika vita vya Uhud mwaka wa 3 Hijria. Miaka kadhaa baadaye alikuja Madina akasilimu. Mtume (S.A.W) aliupokea Uislamu wake, hakumlipizia kisasi, wala hakumtukana. Lakini imepokewa katika Sahih Bukhari kuwa alimuuliza kama anaweza kumuepushia uso wake. Mbora wa viumbe, aliyetumwa kuwa rehema kwa walimwengu, alisamehe na wakati huohuo akaona uzito wa kuutazama uso ule.

Nikamwambia kijana yule kuwa kubanwa kwa kifua si dalili ya unafiki. Msamaha ni uamuzi, na kupoa ni safari. Ukishaamua kutolipiza, kutomuombea mabaya, kutomsema vibaya na kumtakia kheri mbele ya Mola wako, umesamehe, hata kama kidonda bado kinauma ukikigusa. Usimkatie salamu, kwani Mtume (S.A.W) amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na akasema mbora wao ni yule anayeanza kutoa salamu. Lakini kutoa salamu hakukulazimishi umkabidhi tena hati za nyumba, wala kuketi naye kila jioni kama zamani. Salamu ni haki ya Muislamu. Uaminifu uliovunjika hujengwa upya na yule aliyeuvunja, tena kwa muda.

Mifano miwili ya kusamehe

Baada ya kusema hayo, tusije tukakaa katika mipaka ya chini tukairidhia. Juu yake ipo daraja ya juu zaidi, na walioifikia walikuwa ni watu wenye maumivu kama sisi.

Sayyidna Abubakar (R.A) alikuwa akimhudumia jamaa yake wa upande wa mama, Mistah bin Uthatha, masikini aliyehama Makka na kushiriki vita vya Badr. Mistah huyo akawa miongoni mwa waliourudia uzushi dhidi ya Bi Aisha. Fikiri, ewe mzazi: unayemlisha kwa mkono wako anasaidia kuchafua heshima ya binti yako. Abubakar akaapa kuwa hatampa tena kitu. Ikateremka aya ya 22 ya Sura An-Nuur, ikiwataka wenye fadhila na wasaa wasiape kuacha kuwapa jamaa, na ikiwauliza kama wao hawapendi Allah awasamehe. Abubakar akasema kuwa naam, anapenda kusamehewa na Allah, akarejesha matumizi yale na kuahidi kutoyakata tena. Tazama aya ilivyompeleka: haikumwambia kuwa kosa la Mistah lilikuwa dogo. Ilimuelekeza kwenye haja yake mwenyewe ya kusamehewa.

Mfano wa pili ni Nabii Yusuf (A.S). Nduguze walipofika Misri mara ya kwanza aliwatambua, wao hawakumtambua, naye hakujidhihirisha. Baadaye wakamsingizia wizi mbele yake bila kujua wanamsema nani, na Qur'an inatuambia kuwa aliyaficha yale moyoni mwake. Jeraha la utotoni liliguswa tena ukubwani, naye hakulipiza, ingawa alikuwa na madaraka. Walipokiri kosa lao, aliwaambia kuwa siku hiyo hawana lawama, na akawaombea msamaha. Na mwisho wa kisa, alipohesabu neema za Mola wake mbele ya wazazi wake, alitaja kutolewa gerezani na hakutaja kutolewa kisimani. Wafasiri wameeleza kuwa aliacha kukitaja kisima ili asiwafedheheshe nduguze. Ugomvi wenyewe akaunasibisha na shetani aliyewachochea. Huyo ndiye mtu aliyepoa: anaikumbuka habari yote, na hana tena haja ya kumchoma mtu kwayo.

Na kwa wale ambao bado hawajafika hapo, tuangalie kuwa Nabii Yaaqub alipoombwa na wanawe awatakie msamaha, alijibu kuwa atakuja kuwaombea. Wengi katika wafasiri wanasema aliuchelewesha mpaka wakati wa usiku wa manane unaojibiwa dua. Kwa vyovyote vile, mwana alisamehe papo hapo na baba aliahidi kwa baadaye, na hakuna aliyelaumiwa kati yao.

Dawa za kila siku

Utulivu wa moyo hauji kwa siku moja. Allah (S.W) ametufahamisha katika Sura Ar-Ra'd, aya ya 28, kuwa ni kwa kumkumbuka Yeye ndipo nyoyo hutulia. Mwenye jeraha ajiwekee uradi mdogo asioukosa: adhkari za asubuhi na jioni, na rakaa mbili za usiku ambazo katika sijda zake atamweleza Mola wake kwa lugha yake ya ndani yote asiyoweza kumwambia mtu. Mtume (S.A.W) alikuwa akikithirisha kuomba kinga dhidi ya hamu na huzuni, kushindwa na uvivu, woga na ubakhili, uzito wa deni na kukandamizwa na watu. Dua hiyo tuwafundishe watoto wetu, maana imeyakusanya mengi yanayouchosha moyo.

Mwili nao una haki yake. Bi Aisha (R.A), walipofiwa watu wa nyumba yake, alikuwa akiamrisha kupikwa talbina, ambao ni uji wa shayiri, na kusimulia kuwa amemsikia Mtume (S.A.W) akisema kuwa huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Mwenye majonzi asiache kula, asiache kulala, asijifungie gizani.

Na pale ambapo huzuni inadumu kwa wiki nyingi, usingizi umepotea, kazi haifanyiki, au mtu anafikia kutamani kufa, aende hospitali akamuone daktari wa afya ya akili. Asione kuwa imani yake imepungua. Mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu juu ya siha ya mwili na nafsi kwa pamoja, akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile ambayo mwenyewe hajui imetoka wapi, ambayo asili yake aliiona katika mwili na akataka mwili nao utibiwe. Waislamu walilijua hilo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kisomo cha Qur'an ni tiba, na dawa ya daktari ni tiba, na zote zinatoka kwa Mola mmoja. Tujihadhari na waganga ambao kila huzuni kwao ni jini, na kila jini lina bei yake.

Neno kwa aliyejeruhi

Pengine wewe unayesoma hukujeruhiwa, bali ulijeruhi. Mtume (S.A.W) ametuusia kuwa aliyemdhulumu nduguye heshima yake au kitu chake, ajitoe kwake leo, kabla ya siku ambayo hakutakuwa na dinari wala dirhamu, siku hiyo malipo yatakuwa ni mema yake mwenyewe, na akiwa hana, atabebeshwa maovu ya aliyemdhulumu.

Usingoje mpaka mwenzako awe kitandani, ukaja na machungwa na machozi. Nenda akiwa mzima. Litaje kosa kwa jina lake kama walivyofanya ndugu zake Yusuf, usiseme "kama nilikukosea." Rudisha kilicho chake. Kisha mpe muda, wala usimdai msamaha kana kwamba ni deni.

Tunamuomba Allah (S.W) aziponye nyoyo zilizojeruhiwa ndani ya nyumba zetu, awarudishie wenye haki haki zao, awalainishe waliodhulumu wakiri kabla ya siku ya hesabu, na azikutanishe familia zilizotawanyika kama alivyomkutanisha Yaaqub na Yusuf. Amin.

Wabillahi tawfiiq.